Pumzi Ilisimama?

Mama mmoja muuza dagaa alikuja OPD yetu, yaani kwa wagonjwa wa nje, na daftari lake limekunjika kona zote, lile daftari la shule ambalo huku kwetu ndo faili la mgonjwa, nikalifungua nikaanza kusoma ukurasa kwa ukurasa. PUD, omeprazo. Ukurasa wa pili PUD, omeprazo na magnesiamu za kutafuna. Halafu kipimo cha bakteria wa tumbo na dozi ya wiki mbili. Halafu PUD tena. Nilihesabu mara tisa ndani ya miaka miwili, vituo tofauti, miandiko tofauti, na kwenye kurasa zote hizo sikuona mahali hata pamoja palipoandikwa kwamba mtu alimlaza huyu mama kitandani akamshika tumbo. PUD ni kifupi chetu sisi madaktari cha vidonda vya tumbo, na mtu yeyote aliyekaa Tanzania anajua kwamba vidonda vya tumbo vimekuwa jina la kila maumivu yanayokaa juu ya kitovu. Foleni ya Jumatatu naijua, na mimi nimeshaandika PUD kwa mtu ambaye hajavua hata koti, kwahiyo simnyooshei mtu kidole hapa. Ila lile daftari liliniuma.

Nikamuuliza mama, linauma wapi, hebu nionyeshe kwa kidole kimoja. Akaweka kwanza kiganja chote kwenye chembe ya moyo, halafu kikateleza chenyewe kwenda kulia chini ya mbavu, halafu akapeleka mkono nyuma akashindwa kufika, akasema "na huku dokta, chini ya bega, kama mtu ananichoma msumari". Linakuja lini? Usiku, saa tano saa sita hivi, siku akila sangara wa kukaanga au nyama ya mafuta. Linakaa muda gani? Zamani lilikuwa linakaa saa moja mawili linaachia lenyewe, safari hii limeanza jana jioni halijaachia mpaka saa hizi, na homa, na ametapika mara nne. Kiukweli hapo tayari mgonjwa alikuwa ameshanipa jibu kwa mdomo wake, kilichobaki ni mkono uthibitishe.

Nikamlaza. Mto chini ya kichwa, mikono ubavuni, magoti ayakunje kidogo ili tumbo lilegee. Nikaanzia mbali na maumivu, chini kushoto, nikazunguka taratibu mpaka nikafika chini ya mbavu za kulia, nikaweka vidole hapo, nikawa navizamisha kidogo kidogo kila anapotoa pumzi, nikaviacha vikae pale pale. Nikamwambia mama vuta pumzi ndefu, polepole, kama unanusa mchuzi. Akaanza kuvuta. Katikati ikakata. Hakupiga kelele wala kunisukuma, pumzi tu ilikatika kama ya mtu aliyekanyaga mwiba, macho yakatoka, na mkono wake ukadaka kifundo cha mkono wangu. Nikahamia upande wa kushoto nikafanya vile vile, akavuta pumzi mpaka mwisho, akaniangalia kama anauliza mbona huku hakuna kitu.

Hiyo ndo dalili ya Murphy, na ndo kitu nataka kukiongelea leo kwa urefu, kwasababu naona tunaiandika sana kwenye mafaili na tunaifanya kidogo sana.

Tuanze na jikoni. Kila aliyelelewa kuchinja kuku anakijua kifuko cha nyongo kuliko anavyodhani. Unapopasua kuku, bibi yako amesimama nyuma anakwambia angalia usipasue nyongo, na unakiona kile kifuko cha kijani kimejibanza kwenye ini, unakikata pamoja na kipande kidogo cha ini ili kisitoboke, maana kikitoboka mboga yote imekwisha, chungu. Na ndo maana mambo yakiharibika tunasema yametumbukia nyongo. Sasa binadamu ana kifuko kama hicho hicho, kama peya ndogo hivi, urefu wa sentimita 7 mpaka 10, kinaning'inia chini ya ini upande wa kulia na kinabeba nyongo kama mililita 30 mpaka 50. Ini linatengeneza nyongo kutwa nzima, kifuko kinaihifadhi na kuikoleza, ukila mafuta kinajikamua, nyongo inashuka kwenye utumbo kwenda kuyavunjavunja yale mafuta.

Tatizo ni vijiwe. Nyongo ikikolea vibaya inagandamana inakuwa mawe, mengine kama mchanga, mengine kama gololi. Siku kifuko kinajikamua baada ya ule mlo wa mafuta, jiwe linaenda kuziba shingo ya kifuko, kinakamua kwenye mlango uliofungwa, hapo ndo maumivu. Jiwe likirudi nyuma maumivu yanaisha, mtu anaamka asubuhi mzima anasema ilikuwa gesi. Kwa huyu ukimshika tumbo mchana ni laini kabisa, Murphy hakuna, na hapo wengi tunamwandikia vidonda vya tumbo. Lakini jiwe likikwama likakaa, kifuko kinavimba, ukuta wake unawaka, mara nyingi bakteria nao wanaingia, homa inapanda. Maumivu yakipita masaa sita hivi bila kuachia, mtu aache kabisa kufikiria gesi.

Na kwanini pumzi ikatike? Hii ndo sehemu naipenda. Ukivuta pumzi, kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kinashuka, kinasukuma ini chini, ini linashuka na kifuko chake. Vidole vyako viko pale vinasubiri. Kwahiyo wewe daktari humfuati mgonjwa kwa vidole, mgonjwa mwenyewe anakuletea kifuko chake kwenye vidole kwa pumzi yake. Kikiwa kimevimba, kikigusa tu, mwili unasimamisha pumzi bila kumwomba mwenyewe ruhusa.

Jina ni la John Benjamin Murphy, daktari wa upasuaji wa Chicago, Marekani, aliyezaliwa 1857 kule Wisconsin kwa wazazi wa Ireland. Alieleza jambo hili 1903. Mwaka huo eksirei ilikuwepo ndiyo, ila haikuwa inamsaidia sana mtu kwenye vijiwe vya nyongo maana vingi havionekani kwa eksirei, na utrasaundi ya tumbo bado sana. Kwahiyo ulikuwa na mkono wako, na jibu la uhakika ulikuja kuliona siku unapasua. Murphy mwenyewe alikuwa anamkalisha mgonjwa, anasimama nyuma yake, anapitisha mkono mbele na kukunja vidole kama ndoano chini ya mbavu za kulia, halafu anamwambia avute pumzi. Alikuwa na njia nyingine pia ya kugonga, anakunja kidole cha kati cha mkono wa kushoto chini ya ukingo wa mbavu na mkono wa kulia unakigonga kama nyundo mgonjwa akiwa amevuta pumzi. Hiyo ya kugonga sijawahi kuona mtu akiifanya na sina hamu ya kuifanya, mgonjwa wa watu ameumia vya kutosha. Ila ile ya kukaa nyuma ya mgonjwa nimeshaijaribu kwa watu wanene ambao kulala chali kunawabana, na inafanya kazi vizuri tu.

Kuna kitu kingine kumhusu Murphy ambacho huwa nakikumbuka. Oktoba 1912 Theodore Roosevelt, aliyewahi kuwa rais wa Marekani, alipigwa risasi ya kifua kule Milwaukee akiwa kwenye kampeni, akapelekwa Chicago, Hospitali ya Mercy, na Murphy alikuwa kati ya madaktari waliomhudumia. Risasi ikaachwa humo humo kifuani. Bingwa mkubwa wa kisu kabisa, na uamuzi wake ukawa kutokukata. Murphy alifariki 1916, risasi ilikuwa bado kifuani kwa Roosevelt. Mimi mtu anayejua lini mkono utulie namheshimu sana.

Na mkono kutulia ndo kitu kigumu kuliko vyote kwenye hiki kipimo. Nilipokuwa intani sikufundishwa na bingwa wa upasuaji, nilijifunza kwa mkunga mmoja wa wodi ya wazazi, mama mtu mzima, ambaye kabla hajamshika mjamzito tumbo alikuwa anaweka viganja vyake chini ya makwapa yake mwenyewe kama dakika nzima hivi, anapiga stori na mgonjwa, ndo anamshika. Nilimuuliza Sista mbona unafanya hivo, akaniambia mwanangu, tumbo likishikwa na mkono wa baridi linakaza, na likikaza limekufungia mlango, utasikia nini tena. Mkono wa baridi au kucha ndefu, au kukandamiza kwa pupa, tumbo linakuwa ubao halafu wewe unaandika tumbo gumu, unamkimbiza mtu tieta, chumba cha upasuaji, kwa kosa la mikono yako mwenyewe.

Sasa siku moja tulipokuwa raundi na bingwa wetu, kwa mgonjwa mwingine, nikasema kwa kujiamini kabisa, Murphy chanya. Akaniuliza, pumzi ilisimama? Nikasema iliuma. Akauliza tena hivo hivo bila kupandisha sauti, nimekuuliza pumzi ilisimama? Sikuwa na jibu kwasababu sikuwa nimeangalia pumzi, nilikandamiza, mgonjwa akasema ayaa, nikaridhika. Tukarudi kitandani wote, akaweka mkono, akasubiri, mgonjwa akavuta pumzi yote mpaka juu huku anakunja uso kidogo. Yule alikuwa na jipu la ini la amiba. Mahali pake pa kuuma palikuwa juu zaidi, katikati ya mbavu mbili, ukibonyeza kwa kidole kimoja anaruka. Mimi ningempeleka kwenye kisu cha nyongo.

Kwahiyo tofauti ni hiyo. Maumivu chini ya mbavu za kulia yanaletwa na vitu kibao: ini lililovimba kwa homa ya ini, ini lililojaa kwa moyo kushindwa kazi, jipu, nimonia ya chini ya pafu la kulia (hii inawadanganya wengi, na kwa watoto ndo usiseme, mtoto analia tumbo kumbe pafu), hata maambukizi ya kizazi kwa wadada yanaweza kupanda mpaka kwenye ngozi ya ini yakauma hapo hapo. Wote hao ukikandamiza wataumia. Pumzi kukatika katikati, kulia tu na kushoto hapana, hiyo ndo inakuelekeza kwenye kifuko. Na ukiandika, andika hivo ulivyoona, "amesimamisha pumzi katikati, kulia, kushoto hapana", anayekuja shifti ya usiku ataelewa zaidi kuliko ule msalaba mdogo tunaouweka mbele ya jina la Murphy.

Mahali pa kuweka vidole: shika mtulinga wa kulia, tafuta katikati yake, shuka na mstari wa moja kwa moja mpaka ukutane na ukingo wa mbavu, hapo karibu na ncha ya gegedu la mbavu ya tisa. Chini tu ya hapo. Wengine wanatumia dole gumba huku vidole vingine vimekaa juu ya mbavu, ni sawa, bora tu uzamishe taratibu na usibonyeze wakati anavuta. Ini likiwa kubwa, kifuko kinashuka nalo, kwahiyo kwanza jua ini linaishia wapi. Na macho yako yakae usoni kwa mgonjwa, uso unasema kabla ya mdomo.

Sasa mzee wa watu.

Hii nimekaa nayo muda mrefu bila kuiandika. Aliletwa na kijana wake jioni, babu wa miaka sabini na kitu, kisukari cha siku nyingi. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, unajisikiaje, aah mwili tu hauna nguvu, hamu ya kula sina. Tumbo linauma? Kidogo tu huku, akapapasa juu juu. Homa hakuna. Nikamlaza, nikapasha mikono, nikafanya kila kitu kama nilivyofundishwa na nikasubiri, babu akavuta pumzi mpaka mwisho, akatoa, akaniambia mbona mikono yako ina joto, akacheka. Murphy hakuna. Kijana wake akaniuliza, dokta, sio tumbo kweli? Maana nyumbani alikuwa analishika. Nikamwambia tumbo liko salama, sukari ndo imepanda. Nikamlaza wodini nashughulika na sukari.

Siku ya pili usiku presha ikashuka, tumbo likajaa, na alipopasuliwa kifuko kilikuwa kimeoza na kutoboka, nyongo imemwagika tumboni. Babu hakutoka tieta vizuri, alikaa siku tatu akafariki.

Baadaye nilisoma kila nilichoweza kupata. Kuna madaktari walikusanya tafiti zote nzuri za dalili hizi wakachapisha 2003, yaani miaka mia kamili baada ya Murphy kuandika yake, wakakuta kwamba kati ya watu 100 wenye kifuko kilichovimba kweli, dalili ya Murphy inawashika kama 65, wale 35 inawapita. Na kwa wasio na ugonjwa, inawaacha salama kama 87 kati ya 100. Kwa wazee ni mbaya zaidi, inashika kama nusu tu. Kisukari kinakula mishipa ya fahamu, maumivu yanafika yamechoka, na homa kwa mzee inaweza isipande kabisa. Na kifuko kikishaanza kuoza, mishipa yake ya fahamu nayo inakufa, maumivu yanapungua hasa pale ugonjwa unapozidi. Babu alivyocheka vile pengine kifuko kilikuwa kimeshaanza kufa. Kijana wake aliniambia wazi kwamba nyumbani baba yake alikuwa analishika tumbo, na mimi nikaamini vidole vyangu kuliko macho ya mtu aliyelala naye nyumba moja.

Toka siku hiyo kwa mzee yeyote au mwenye kisukari, Murphy ikiwepo naichukua, isipokuwepo haina maana yoyote kwangu, anaenda utrasaundi hivo hivo, na damu anatolewa.

Na hapa niseme kuhusu utrasaundi maana kuna vijana wananiambia dokta hayo ya mikono ni ya zamani, tupige tu picha. Picha ni nzuri sana, inaonyesha mawe, inaonyesha ukuta wa kifuko umenenepa, maji yamekizunguka, nani atakataa. Lakini hapa kwetu kanda ya ziwa kuna vituo ambavyo mashine ipo na mpigaji yuko likizo, au umeme umekatika, au mgonjwa hana hela ya picha mpaka ndugu wauze kuku. Halafu kuna jambo lingine, watu wengi wanatembea na vijiwe vya nyongo maisha yao yote bila kuumwa hata siku moja, kwahiyo ukimpiga picha mtu mwenye maumivu ya nimonia ukakuta vijiwe, unaweza kumsingizia nyongo. Picha inakwambia mawe yapo, haikwambii kama hayo mawe ndo yanayouma leo. Na ndo maana mpigaji mzuri wa utrasaundi naye anafanya Murphy, anaweka kile kichwa cha mashine juu ya kifuko anachokiona kabisa kwenye skrini, anabonyeza, anauliza ni hapa hapa? Yule ana faida kuliko Murphy mwenyewe, anaona anachogusa. Hata mwongozo wa Tokyo, ule wa madaktari kuhusu kuvimba kwa kifuko cha nyongo, ulioanza 2007 na kurekebishwa 2013 na 2018, unataka dalili ya mkononi, dalili ya mwili mzima kama homa au chembe nyeupe za damu kupanda, na picha, vitu hivyo vikae pamoja ndo useme kwa uhakika.

Vingine vya kuangalia navitaja haraka. Macho, mpeleke mgonjwa dirishani, taa ya umeme inaficha manjano. Na watu wetu wengi weupe wa jicho una ukahawia wa kawaida tu wa jua na vumbi, usikimbilie kusema manjano, mwambie aangalie chini uinue kope la juu uone sehemu isiyopigwa na jua, halafu ainue ulimi uangalie chini yake. Manjano yakiwepo pamoja na homa na maumivu ya kulia, hayo matatu Mfaransa Charcot aliyasema tangu 1877, ina maana mrija mkubwa wa nyongo umeziba na una usaha, huyo sio wa kusubiri kesho. Mgongoni, chini ya kombe la bega la kulia, ngozi inaweza kuwa inauma hata ukipitisha pamba tu, hiyo inaitwa kwa jina la Boas, daktari wa Berlin, mimi sijaiona mara nyingi ila yule mama wa dagaa alikuwa nayo. Na ukikuta manjano halafu kifuko unakishika kabisa kimejaa kama yai na hakiumi, usifurahi. Courvoisier wa Uswisi alionyesha 1890 kwamba kifuko chenye vijiwe vya siku nyingi kinakuwa na makovu, hakitanuki, kwahiyo kilichotanuka bila maumivu mara nyingi kimezibwa na kitu kingine, na saratani ya kongosho ndo ya kwanza kuiwaza.

Halafu nataka kuwaomba wenzangu waache ile nyimbo tuliyokaririshwa chuoni, kwamba nyongo ni ya mwanamke, mnene, miaka arobaini, mwenye watoto. Inatupofusha. Huku kwetu kuna watoto wa sikoseli. Chembe zao nyekundu za damu zinavunjika mapema kila siku, ile rangi inayotoka kwenye damu iliyovunjika inaishia kwenye nyongo, inagandamana, inakuwa vijiwe vyeusi. Nimemshika tumbo kijana mwembamba wa miaka 14 mwenye sikoseli, kila mara analetwa anaandikiwa maumivu ya sikoseli, anapewa maji na dawa ya maumivu anarudi nyumbani. Ni kweli alikuwa na sikoseli. Ila safari hii pumzi yake ilikatika pale pale, chini ya mbavu za kulia, na mama yake alikuwa amesimama pembeni akasema hapo hapo dokta, ndo anavyofanyaga hata usiku akigeuka. Mtoto wa sikoseli mwenye tumbo naye ana haki ya kulazwa chali na kushikwa.

Dawa ya maumivu msiwanyime. Kuna wazee wetu walitufundisha usimpe mgonjwa wa tumbo dawa mpaka bingwa aje amshike, eti utaficha dalili. Imeshaonekana kwamba kumpa hakuharibu uamuzi, na kumwacha mtu analia masaa manne ili daktari aje ajifunzie ni ukatili. Mshike wewe vizuri kwanza, andika ulichokiona na saa, mpe dawa.

Yule mama wa dagaa tulimnyima chakula, tukamwekea maji na antibayotiki, na alipasuliwa siku ya tatu. Watu huwa wananiuliza, sasa mtu ataishije bila nyongo? Anaishi. Kifuko ndo kinatolewa, nyongo yenyewe inatengenezwa na ini na itaendelea kushuka kwenye utumbo kidogo kidogo. Farasi hana hicho kifuko, ngamia hana, tembo hana. Wa kwanza kukitoa chote kwa binadamu alikuwa Carl Langenbuch, Berlin, tarehe 15 Julai 1882, kwa mwanaume wa miaka 43 aliyekuwa ameteseka miaka 16, na yule mtu akapona. Siku hizi kwenye hospitali kubwa wanatoa kwa matundu madogo bila kufungua tumbo, njia ambayo Mjerumani Erich Mühe aliifanya kwa mara ya kwanza 1985, sisi wilayani bado tunafungua, na kovu la mama ni kama urefu wa kidole.

Alirudi kliniki baada ya mwezi, kanenepa kidogo, kaniletea dagaa kwenye mfuko, na daftari jipya. Akaniambia kwamba mwaloni kamsimulia kila mtu, kwamba ukienda hospitali usikubali kutoka bila kulazwa kitandani.

Wiki iliyofuata akaja jirani yake. Shikamoo, marahaba, hata sijafungua daftari lake yule mama alikuwa ameshavua viatu, kapanda kitandani, kakunja magoti, kaweka mikono ubavuni, akasema nianze kuvuta pumzi? Nikapasha mikono, nikaweka vidole, nikasubiri. Akavuta pumzi yote mpaka mwisho bila shida, mara tatu, kulia na kushoto. Ila nilipokuja katikati, kwenye chembe, akakunja uso. Na alipoanza kueleza, la kwake lilikuwa linamwamsha alfajiri na njaa, akila linatulia, na alikuwa na miezi anakunywa dawa za maumivu ya mgongo kila siku kwasababu ya kubeba ndoo. Nikamsimamisha zile dawa za mgongo, nikachukua kalamu nikaandika PUD, na chini yake nikaandika tumbo nilivyolikuta.